Swichi kubwa kwenye toi la betri: jinsi ya kumfanya mtoto asiyeweza kubonyeza kitufe kidogo acheze mwenyewe

Maswali ninayopata ni yale yale matatu. "Nimeunganisha lakini toi linawaka lenyewe bila mtoto kugusa." "Nimeunganisha haliwaki kabisa." La tatu ndo linaniuma zaidi: "liliwaka siku mbili, ya tatu likafa, mtoto akabonyeza weee mpaka akaacha." Huyo mtoto wa tatu ameshajifunza kwamba mkono wake haufanyi kitu, na kumrudisha hapo alipokuwa ni kazi ya wiki nyingi. Kwa iyo leo naandika yote, mwanzo mwisho, kwa wazazi na kwa walimu wa vitengo vya watoto wenye ulemavu, na pale wengi wanapokwama nitakaa zaidi.

Tunatengeneza vitu viwili tu. Cha kwanza ni kibati chembamba kinachoingia kwenye nyumba ya betri na kukata umeme. Cha pili ni swichi pana ambayo mtoto anaigonga kwa kiganja, kiwiko, goti au kichwa, umeme unaunganika tena na toi linacheza. Kati ya hivyo viwili kuna pini ya hedifoni ya milimita 3.5, dume upande wa swichi, jike upande wa toi.

Hiyo saizi ya pini usiibadilishe hata kama umepata nyingine ya bure. Swichi nyingi mno zinazouzwa duniani kwa watu wenye ulemavu zinatumia pini hiyo hiyo, na ile Xbox Adaptive Controller ya Microsoft iliyotoka 2018 ina matundu 19 ya 3.5. Yani swichi unayomtengenezea mtoto wa miaka minne leo, akikua akapata kompyuta na kifaa cha kuunganishia, anachomeka ile ile. Na kama siku moja ukipata swichi ya kiwandani (zile nzuri zinazidi dola 50 moja, bado usafiri na ushuru), itaingia kwenye toi lako bila kubadilisha chochote.

VITU VYA KUWA NAVYO MEZANI

Tafuta vyote kwanza ndo uanze, maana ukikatiza katikati unaharakisha na hapo ndo makosa yanapoingia.

- Toi la betri za kawaida (zile nene au nyembamba za rimoti) lenye swichi ya kusukuma ya kuwasha na kuzima. Soma hatua ya 1 kabla hujanunua!
- Waya wa kurefushia hedifoni, upande mmoja pini dume upande mwingine jike. Mmoja unatosha. Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya simu upo, Nairobi nenda Luthuli.
- Kopo tupu la maziwa ya unga, lile la bati. Kopo la soda HAPANA, sababu ipo chini.
- Plastiki ngumu nyembamba, mfano kava la faili au ubavu wa chupa ya maji.
- Pasi ya kuchomea ya fundi redio, risasi yake (ule waya laini unaoyeyuka na kuunganisha) na pesti (ya kusaidia risasi ishike). Kama huna, peleka hatua ya 2 na 3 kwa fundi redio wa mtaani umwonyeshe haya maelezo, ni kazi ya dakika kumi kwake.
- Foili ya jikoni, sponji ya godoro yenye unene wa nusu sentimita hivi, na vifuniko viwili bapa vya plastiki (vya ndoo ndogo au kontena la chakula) au kadibodi nene.
- Boliti mbili ndogo fupi na nati na washa zake.
- Mkasi wa kukatia bati, msasa, tupa ndogo, teipu ya umeme, gundi ya moto, bisibisi ya nyota.
- Tesita ya mafundi, ile yenye mlio. Sio lazima lakini inaokoa muda sana.

KABLA HUJAGUSA KITU

Kazi hii yote ni ya betri ndogo za volti 1.5 zilizopangwa mbili, tatu au nne. Toi la kuchomeka ukutani usiliguse. Toi lenye betri ya ndani ya kuchaji ya lithiamu usilifungue, ile betri ukiichoma au kuipiga shoti inaweza kushika moto.

Toi linalotumia vile vibetri vya duara kama kifungo cha shati, liache dukani. Mtoto akikimeza kinaweza kumchoma koo kwa ndani ndani ya masaa mawili tu, na watoto wetu wengi kila kitu kinaenda mdomoni. Kama lipo tayari nyumbani hakikisha kifuniko chake kina skrubu, na ikitokea amemeza ni hospitali muda huo huo, usisubiri uone.

Mtoto mwenye kifafa, epuka matoi yenye taa za kumulika haraka haraka. Na waya wowote unaobaki mrefu ufunge chini ya meza au ubandike kwa teipu, usipite karibu na shingo, na mtoto asiachwe peke yake na toi la waya.

HATUA YA 1: CHAGUA TOI KWA JARIBIO LA BETRI MOJA

Hapa ndo nusu ya kazi inapofia, na watu hawajui kwamba wamefeli hapa, wanadhani wamekosea kuunganisha.

Matoi yako ya aina mbili. Aina ya kwanza ukisukuma swichi yake, linaanza kucheza na linaendelea mpaka uzime: mbwa anayetembea na kubweka, treni inayozunguka, gari la polisi, mashine ya mapovu, feni ndogo ya mkononi. Aina ya pili linakaa kimya mpaka ubonyeze mkono au tumbo lake, ndo linaimba wimbo mmoja kisha linanyamaza. Kibati chetu kinafanya kazi kwenye aina ya kwanza tu. Kwenye aina ya pili ukirudisha umeme toi linaamka lakini linasubiri abonyezwe tumbo, kwa iyo mtoto atagonga swichi na hakuna kitakachotokea.

Jaribio lenyewe: muombe muuzaji aweke betri, washa toi, likiwa linacheza chomoa betri moja. Litazima. Sasa rudisha ile betri bila kugusa kitu kingine chochote. Likianza kucheza lenyewe, nunua. Likikaa kimya, rudisha kwenye rafu.

Angalia pia linafanya nini. Mtoto asiyeona vizuri anahitaji sauti au mtetemo, sio taa. Mtoto kiziwi anahitaji kitu kinachosogea au kutetemeka mkononi. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye anashtuka na kukakamaa akisikia kelele ya ghafla, lile gari la polisi litamuumiza, ila unaweza kulipunguza kwa kubandika teipu tabaka mbili tatu juu ya matundu ya spika. Binafsi naanza na feni au mashine ya mapovu, kwa sababu mtoto anahisi matokeo kwenye ngozi hata kama haoni wala hasikii.

HATUA YA 2: KIBATI CHA KUKATA UMEME

Kata vipande viwili vya bati kutoka kwenye kopo la maziwa. Umbo ni kama kijiko kidogo bapa: kichwa cha duara na ulimi mwembamba unaotoka pembeni. Kwa betri nene kichwa kiwe milimita 12 hivi, kwa zile nyembamba za rimoti milimita 9. Ulimi uwe na urefu unaotosha kutokeza nje ya betri, waya tutauchoma pale kwenye ulimi na sio kichwani, maana donge la risasi likikaa kati ya betri na springi kifuniko hakifungi.

Piga msasa pande zote mbili mpaka rangi na ile vanishi ya ndani ya kopo itoke, bati ling'ae. Vanishi haionekani kwa macho lakini inazuia umeme kabisa. Kingo zipige tupa, zinakata vidole.

Kwanini sio kopo la soda? Kwa sababu lile ni alumini na risasi ya kawaida haishiki kwenye alumini. Unaweza ukachoma asubuhi mpaka jioni, itajikunja kama tone la maji kwenye jani la mgomba, na hata ukidhani imeshika, ukivuta kidogo inabanduka. Yale matoi "yaliyowaka siku mbili yakafa" ninayoletewa, mengi nikiyafungua nakuta ni hili.

Sasa kata plastiki ya duara iliyozidi vichwa vya bati kwa milimita moja au mbili kila upande. Panga kama sandwichi: bati, plastiki, bati. Ndimi mbili zielekee pande tofauti kidogo zisigusane. Bandika na gundi kidogo tu katikati. Bati mbili zisigusane popote, hata kwa unywele mmoja wa waya.

Choma waya mmoja kwenye kila ulimi. Paka pesti, pasha bati kwanza ndo ulete risasi, ikiyeyuka na kutambaa vizuri imeshika. Ikiishia donge la mviringo lililokaa juu juu, bati lilikuwa la baridi au chafu, rudia. Ukimaliza funika ndimi zote kwa teipu na gundi ya moto. Risasi nyingi za kuchomea zina madini ya risasi (lead) yenye sumu kweli kweli, haitakiwi mtoto aifikie kwa mdomo, na wewe nawa mikono kabla ya kula.

Kibati kinaingia wapi? Upande wa springi, yani kati ya springi na kitako bapa cha betri. Watu wengi wanakiweka upande wa kinundu cha betri (upande wa chanya), alafu hakifanyi kazi, kwa sababu matoi mengi yana kingo za plastiki pale zinazozuia betri iliyogeuzwa isiguse, kwa iyo bati pana haliwezi kuzipita. Springi haina shida hiyo na inakibana kisichezecheze. Betri ipi? Yoyote, zimepangwa kwa msururu, ukikata mmoja zote zinakatika.

Utajua umefaulu hivi: kibati kipo ndani, swichi ya toi iko kwenye KUWASHA, na toi liko kimya kabisa. Shika ncha mbili za waya ziguse pamoja, toi linacheza. Ziachanishe, linazima. Usiende hatua ya tatu kabla hujaona hilo.

Likiwaka wakati ncha hazijagusana, bati zinagusana au plastiki ni ndogo. Likikataa hata ncha zikigusana, toa kibati uone kama toi linafanya kazi bila chenyewe (betri zimekwisha? swichi ya toi imezimwa?), kisha rudi kwenye vanishi na risasi. Na ukihisi betri inapata moto, chomoa haraka, kona ya bati imegusa betri ya jirani na imepiga shoti.

HATUA YA 3: PINI JIKE NA PINI DUME KUTOKA WAYA MMOJA

Kata ule waya wa kurefushia katikati. Upande wenye jike ni wa toi, upande wenye dume ni wa swichi.

Ukiumenya utakuta nyuzi tatu, mara nyingi mbili za rangi na moja ya shaba tupu iliyozunguka. Tunahitaji mbili: ile inayokwenda kwenye ncha kabisa ya pini dume na ile inayokwenda kwenye shina lake. Weka tesita kwenye mlio, gusa ncha ya pini na jaribu nyuzi moja moja mpaka ilie. Fanya hivyo hivyo kwa shina. Ile ya tatu ikate fupi uifunge teipu.

Kuna mtu atauliza, si nichukue nyuzi mbili zozote mradi zifanane pande zote mbili? Kwa swichi yako itafanya kazi. Ila siku mtoto akipata swichi ya kiwandani yenye pini ya mstari mmoja (mono), shina lake ni refu na linaunganisha ile sehemu ya katikati na shina, kwa iyo kama ulitumia uzi wa katikati na wa shina toi litawaka muda wote. Tumia ncha na shina basi.

Tahadhari moja kubwa. Waya za hedifoni za bei rahisi, zile nyuzi ndani zina rangi nyekundu au kijani yenye kung'aa. Ile rangi ni koti, inazuia umeme. Ukizisokota tu na kuweka teipu hakuna kitakachopita. Zipitishie moto wa kiberiti sekunde moja, futa masizi kwa msasa, ndo uchome risasi. Swali la "nimeunganisha haliwaki kabisa", jibu mara nyingi ni hapa.

Unganisha jike na waya mbili za kibati, mpangilio wowote, swichi haijali chanya wala hasi. Funika kila kiungo peke yake. Alafu tengeneza njia ya waya: piga tupa kijitundu pembeni mwa kifuniko cha betri, pitisha waya, na ndani ufunge fundo kabla haujatoka. Fundo hilo ndo litapokea mvuto mtoto akivuta, bila fundo kiungo cha risasi ndo kinapokea na kinakatika. Rudisha skrubu ya kifuniko.

HATUA YA 4: SWICHI YENYEWE

Chukua vifuniko viwili bapa vya plastiki, upana wa sentimita 10 mpaka 12. Kadibodi inafaa kujifunzia, lakini huku pwani na unyevu huu, ukijumlisha na mate na jasho, wiki mbili tatu inalegea na kuanza kujibonyeza yenyewe.

Funika uso wa ndani wa kila kifuniko kwa foili, laini bila mikunjo, gundi pembeni tu. Toboa tundu karibu na ukingo wa kila kimoja, matundu yasielekeane. Pitisha boliti toka ndani kwenda nje, washa ikandamize foili, na upande wa nje zungushia waya wa shaba chini ya nati ukaze. Hivyo ndivyo unavyounganisha foili, kwa kubana. Foili ni alumini kama kopo la soda, usijaribu kuichoma. Kuibandika waya kwa teipu kunafanya kazi siku ya kwanza na kunalegea siku ya tatu.

Kata sponji iwe pete: nje inalingana na kifuniko, katikati tundu la sentimita 6 au 7. Iweke kati ya vifuniko, foili zikitazamana kupitia tundu. Mahali palipo na vichwa vya boliti sponji ipite juu yake ivifunike. Zungushia teipu pembeni, usikaze sana.

Unene wa sponji ndo unaamua nguvu inayohitajika. Mtoto mwenye misuli dhaifu anahitaji sponji nyembamba na tundu kubwa. Mtoto ambaye mkono wake unatupa tupa kwa nguvu bila kutaka, mpe nene kidogo ili kugusa kwa bahati mbaya kusihesabike. Usikisie, bonyeza wewe kwa kidole kimoja cha mwisho, kile kidogo, ukiona unatumia nguvu basi punguza sponji.

Juu vika kitambaa. Kwa mtoto mwenye uoni hafifu weka njano juu ya nyeusi, au kitu cha kupapasa kama kipande cha kanga kilichofumwa kwa uzi mnene, ili mkono ukifika ujue umefika. Foili isibaki inaonekana popote.

Umefaulu kama ukibonyeza katikati, kushoto, kulia, juu na chini, mara ishirini, toi linacheza mara ishirini, na ukiachia linazima kila mara. Mara kumi na tisa haitoshi! Mtu mzima akikosa mara moja anabonyeza tena, mtoto huyu huenda ametumia dakika nzima kufikisha mkono pale.

HATUA YA 5: MKALISHE MTOTO KABLA YA KUMPA SWICHI

Toi likicheza vizuri mezani kwako bado ni la kwako. Hapa ndo naomba mkae na mimi kidogo.

Mtoto anayening'inia kwenye kiti anatumia nguvu zake zote kutokuanguka, hazibaki za kucheza. Makalio yafike nyuma kabisa, magoti yakunjwe, nyayo ziguse kitu (tofali lililovikwa nguo linatosha), viwiko vipumzike mezani. Kama kitengo kina vile viti vya karatasi zilizobandikwa tabaka kwa tabaka, kimoja kilichopimwa kwa mwili wake ni bora kuliko kiti cha magurudumu kilichomzidi saizi.

Alafu usianze na mkono wa kulia kwa sababu tu ndo mkono. Mwangalie siku mbili. Akifurahi anasogeza nini? Wapo wanaogeuza kichwa kushoto, wapo wanaorusha goti. Lile tendo analolifanya bila kukakamaa mwili mzima ndo mahali pa swichi. Nilikaa wiki mbili na mtoto mmoja tukihangaika na kiganja, mama yake akaniambia huyu akisikia mlango kichwa kinageuka kwanza, tukaweka swichi pembeni ya shavu kwenye egemeo la kiti na siku hiyo hiyo akawasha feni mara sita. Kama kuna mtaalamu wa tibakazi (occupational therapist) hospitali ya karibu muulize hili tu, "swichi niiweke wapi", atakuonyesha vizuri kuliko maandishi.

Swichi isitembee. Ibandike kwa mkanda wa kunata au weka mpira wa ndala chini yake. Ikisogea sentimita tano baada ya kila pigo mtoto anatafuta swichi mpya kila mara. Na toi liwe pale macho yanapofika bila kuinua kichwa, sio juu ya swichi, litaziba.

HATUA YA 6: SUBIRI

Onyesha mara moja. Bonyeza mwenyewe, sema "washa", toi licheze, achia. Kisha nyamaza na hesabu moyoni mpaka 20. Ishirini ni ndefu sana ukiwa umekaa mbele ya mtoto, mkono wako utakuwa unawasha kutaka kumsaidia. Usishike mkono wake ukaugonga kwenye swichi, anachojifunza hapo ni kwamba mtu mzima akija toi linacheza. Kama anahitaji msaada weka mkono wako CHINI ya wake, mwache aongoze yeye, na uutoe mapema.

Na usiseme "bonyeza bonyeza bonyeza" mfululizo. Mtoto anayechakata taratibu, kila neno lako linaanzisha hesabu upya.

Dakika tano mpaka kumi zinatosha mwanzoni. Akianza kugeuza uso, kukakamaa au kulia, funga kazi. Kuwa amechoka sio kuwa amekataa.

Utajuaje ameelewa na sio bahati? Zima swichi ya toi kimya kimya. Mtoto aliyeelewa atabonyeza, atasubiri, atabonyeza tena kwa nguvu au atakuangalia wewe kama anauliza mbona. Ukiona hivyo washa haraka umpe haki yake, jaribio hili lifanye mara moja tu.

Anayeweza kugonga lakini hawezi kushikilia, toi litacheza nusu sekunde na kuzima, inakatisha tamaa. Mwambie fundi redio aongeze kitaima kidogo kati ya swichi na toi, pigo moja lichezeshe sekunde 10 kisha lizime lenyewe. Usitumie swichi ya kubonyeza iwake na kubonyeza tena izime kwa mtoto anayeanza, pigo la pili linamzimia na anachanganyikiwa.

YALE MATOI YA KUBONYEZA TUMBO, NA MAGARI YA RIMOTI

Toi la aina ya pili halijashindikana. Chana mshono wa mgongoni, fuata waya mpaka kwenye kile kitufe cha tumboni, utaona miguu miwili ya chuma. Toi likiwa limewashwa, gusisha miguu hiyo kwa kipande cha waya: likiimba, choma waya mbili za pini jike hapo hapo, moja kila mguu, bila kuondoa kitufe cha zamani. Toa tundu dogo la jike kwenye mshono na ushone tena. Kibati hakihitajiki.

Gari la rimoti la bei ndogo: funga kitufe cha kwenda mbele kwa mpira wa pesa ili kibaki kimebonyezwa, weka kibati kwenye betri za RIMOTI, sio za gari. Mtoto akigonga swichi rimoti inaamka na gari linaondoka. Zile rimoti ambazo kila ukiwasha lazima ziungane upya na gari hazitaki mtindo huu, kwa hiyo jaribio la betri moja lifanye kwenye rimoti pia kabla hujalipa.

BAADA YA HAPO

Kila asubuhi kabla ya mtoto kukaa, bonyeza swichi mara tano wewe mwenyewe. Weka betri za akiba darasani. Likizo chomoa betri zote, zikivuja zinakula springi na kibati.

Akishawasha kwa makusudi siku kadhaa mfululizo, leta toi la pili lenye swichi yake, moja kushoto moja kulia. Tengeneza la pili tofauti kabisa, kama la kwanza ni feni la pili liwe la sauti. Mwache aguse yote, usimwambie lipi. Kesho yake badilisha pande. Akifuata feni upande wa pili ilipohamia, hapo anakwambia analipenda lipi, na feni ndo uiweke mbele yake kesho.